Mikwaruzo kwenye utando wa kioo cha saa: seriamu, almasi, kemikali au kioo kipya?

Mnunuzi wa saa yenye kioo cha yakuti, kile ambacho wauzaji hukiita safaya, huambiwa dukani kwamba hakikwaruziki. Baada ya mwaka wa kugongana na milango, kuta na buckle za mikoba, vistari vyembamba vya kijivu au zambarau vinajitokeza, na mwenye saa anaamini ameuziwa feki. Mara nyingi hakuuziwa feki. Yakuti yenyewe ni nzima; kilichochanika ni utando wa kuzuia mng'ao uliopakwa juu yake. Utando huo unaweza kuondolewa na kioo kikabaki safi kabisa. Njia ziko kadhaa, na hazilingani hata kidogo kwa hatari, kwa muda wala kwa matokeo.

Msimamo wetu tuutaje mapema ili msomaji mwenye haraka asipotee: utando wa nje juu ya yakuti, anza na oksidi ya seriamu, unga wa kung'arishia, na ikikataa nenda kwenye pesti ya almasi yenye chembe za maikroni 1 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Utando wa ndani, ule wa upande unaotazama mishale, uache. Kioo cha kawaida kilichochoka, badilisha. Kemikali, achana nazo. Maelezo yanayofuata ni ya kuonyesha kwa nini, na namna ya kufanya bila kuharibu saa.

Unachokiondoa ni nini hasa

Yakuti inayotumika kwenye saa hutengenezwa kiwandani. Ni ngumu sana, daraja la 9 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoishia 10 kwenye almasi, lakini ina kasoro moja: inarudisha mwanga mwingi. Kila uso wa yakuti hurudisha karibu asilimia 7.7 ya mwanga unaoupiga, wakati kioo cha kawaida hurudisha kama asilimia 4.3. Nyuso zikiwa mbili, ya juu na ya chini, kioo cha yakuti kisichopakwa chochote hurudisha takribani asilimia 14. Ndiyo maana juani unaona mbingu badala ya mishale.

Utando ni dawa ya tatizo hilo. Kiwandani, ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, hupakwa tabaka moja la magnesiamu floridi, au matabaka kadhaa ya silika yakipishana na oksidi za metali kama titani. Kila tabaka lina unene wa makumi ya nanomita hadi mia moja na kidogo (nanomita elfu moja ni maikroni 1). Matabaka yote kwa pamoja hayafiki maikroni 1, ilhali unywele wa binadamu una kama maikroni 70. Magnesiamu floridi iko kwenye daraja la 6 la Mohs na silika inakaribia 7. Mchanga na vumbi la barabarani lina chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7. Kwa hiyo vumbi lile lile lisiloweza kuigusa yakuti linatosha kuuchana utando.

Breitling, Omega na Sinn wana saa nyingi zilizopakwa pande zote mbili za kioo. Seiko, kwa saa zake nyingi za yakuti, hupaka upande wa ndani tu, ambako hakuna kinachoweza kuukwaruza. Hapa wabunifu wamegawanyika. Utando wa nje huifanya saa isomeke kana kwamba haina kioo, lakini huzeeka. Wa ndani pekee hauzeeki, ila unaondoa nusu tu ya mng'ao.

Majaribio matatu kabla ya kugusa chochote

La kwanza ni ukucha. Pitisha ukucha taratibu kukatisha mkwaruzo. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo haumo kwenye utando, kwa sababu utando ni mwembamba mno kuhisiwa. Ama kioo ni cha kawaida, ama yakuti yenyewe imemeguka. Katika hali hizo kuondoa utando hakutakusaidia. Mkwaruzo utabaki pale pale.

La pili ni alama ya kidole. Safisha kioo vizuri kwa sabuni, kikaushe, kisha bonyeza kidole gumba juu yake na ukitazame chini ya taa moja. Mafuta ya ngozi huvuruga kazi ya utando. Ukiona alama ya kidole imejitokeza wazi, na rangi ya mng'ao imebadilika pale ulipobonyeza, utando uko nje. Kwenye yakuti tupu alama huonekana kwa unyonge na mng'ao hubaki mweupe.

La tatu ni kuhesabu taswira za taa. Inamisha saa mpaka uone taswira mbili za balbu, moja kutoka uso wa juu na nyingine kutoka uso wa chini. Taswira nyeupe inayowaka ni ya uso usiopakwa. Taswira hafifu yenye bluu, kijani au zambarau ni ya uso uliopakwa. Kwenye kioo kilichobinuka taswira hizi hupishana kwa shida, kwa hiyo lichukue jaribio hili kama shahidi wa pili, si wa kwanza.

Kama hujui kioo ni yakuti au la, angalia maandishi ya mfuniko wa nyuma. Yakikosekana, mpelekee fundi wa vito mwenye kalamu ya kupimia almasi: kalamu hizo hupima jinsi kitu kinavyopitisha joto, na yakuti huinua kipimo kuliko kioo cha kawaida, ambacho hakikiinui karibu kabisa. Pima upande usio na tone la maji wala mafuta.

Oksidi ya seriamu

Huu ni unga laini, mara nyingi wa rangi ya krimu, waridi iliyofifia au kahawia hafifu, unaotumika kung'arisha vioo vya magari, lenzi za kioo na vioo vya darubini. Sababu ya kuuweka wa kwanza ni moja tu, nayo inatosha: ni laini kuliko yakuti. Hata ukisugua mpaka mkono ufe ganzi, hauwezi kuikwaruza. Silika, kwa upande mwingine, huikamata vizuri, kwa sababu seriamu haikwanguli tu; pia hushikana kikemia na uso wa silika na kuuchuna kidogo kidogo. Na matabaka mengi ya juu kabisa ya utando ni silika au kitu kilaini kama magnesiamu floridi.

Vifaa: kijiko kimoja cha chai cha unga, maji safi, kipande cha felti nene au ngozi laini ya sentimita 2 hivi, kizibo au kijiti cha kukigundishia, tepu ya karatasi au ya Kapton (plastiki nyembamba inayostahimili joto), na taa moja yenye mwanga mkali. Hakikisha unga ni wa kung'arishia, wenye chembe za maikroni 1 hadi 3, si mabaki yaliyokaa wazi kwenye ndoo ya karakana. Chembe ya mchanga iliyoingia haitaiumiza yakuti lakini itaichana pete ya chuma inayozunguka kioo.

Ifunike saa kwanza. Tepu mbili, moja juu ya nyingine, kuzunguka kioo chote, na ukingo wake ubanwe kwa kijiti cha meno mpaka uingie kwenye mfereji kati ya kioo na pete. Kama pete inazunguka, kama kwenye saa za kuzamia, ifunike yote, na kama unajua kuitoa, itoe. Unga ukiingia chini yake utasikia unakereza kila ukiizungusha. Funga kifundo cha kurekebishia saa. Kile cha kuskurubu kikazwe mpaka mwisho. Saa isiyozuia maji isiloweshwe: tumia felti yenye unyevu, si inayochuruzika.

Changanya unga na maji mpaka uwe kama uji mzito. Paka kidogo kwenye felti na usugue kwa miduara midogo, ukibonyeza kwa nguvu ya wastani, ukihama taratibu kutoka katikati kwenda ukingoni. Ongeza tone la maji kila uji unapoanza kukauka. Ukikauka unakwama na kuacha kufanya kazi. Kila baada ya dakika 5 futa, kausha, na tazama chini ya taa kioo kikiwa juu ya kitu cheusi.

Hapa ndipo kazi inavutia. Rangi ya mng'ao hubadilika kadiri matabaka yanavyopungua: bluu inaweza kwenda kwenye zambarau, kisha kwenye dhahabu au hudhurungi, kisha nyeupe. Mabadiliko hayo hayafuati mpangilio mmoja kwa saa zote, yanategemea matabaka, ila mwisho ni mmoja, nao ni mng'ao mweupe sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Mabaka ya rangi maana yake kazi haijaisha. Watu wengi husimama mapema, kioo kikiwa na kisiwa cheupe katikati na pete ya bluu pembeni, wakafikiri wameharibu kitu. Hawajaharibu, wamebakiza.

Kwa mkono hesabu nusu saa hadi saa nzima. Ukisugua kwa dakika 20 na rangi haijasogea hata kidogo, tabaka la juu ni gumu kuliko kawaida, na seriamu haina la kufanya. Usiongeze nguvu. Badilisha dawa.

Tahadhari moja ya manunuzi: karakana za miwani siku hizi hushughulika zaidi na lenzi za plastiki, na maji meupe wanayong'arishia plastiki ni ya oksidi ya alumini, si seriamu. Alumini oksidi ndiyo yakuti yenyewe kwa kemia, ugumu ni ule ule wa 9. Ikiwa laini sana, chini ya maikroni nusu, haina madhara makubwa. Ikiwa na chembe kubwa inaweza kuacha ukungu. Ulizia jina la kitu, si matumizi yake.

Pesti ya almasi

Almasi, kwa ugumu wa 10, haiulizi utando umetengenezwa kwa nini. Inauondoa wote, kwa muda mfupi zaidi: dakika 10 hadi 20 kwa mkono kwa kioo cha kawaida cha mkononi. Bei yake ni kwamba almasi inaweza kuikata yakuti pia. Kila kitu kinategemea ukubwa wa chembe.

Kwa kuondoa utando chukua maikroni 1. Kwa kumalizia, kama unataka, maikroni 0.5 au 0.25. Juu ya maikroni 3 usiende. Kuanzia 6 unaanza kuacha ukungu kwenye yakuti, na ukungu huo hautoki kwa seriamu.

Wanaotafuta vifaa hivi Afrika Mashariki wana jirani mzuri: wakata vito. Arusha, kwa sababu ya tanzanaiti, imejaa mafundi wanaong'arisha kwa almasi, na Nairobi wapo pia. Ila wao huzungumza kwa namba za ungo badala ya maikroni. Namba 14,000 ni kama maikroni 1, namba 50,000 ni kama nusu maikroni, namba 8,000 ni kama 3, na namba 3,000 ni kama 6. Namba ikipanda chembe inapungua. Ukiambiwa «tunayo ya elfu tatu, inakata vizuri», kweli inakata vizuri, na ndiyo sababu ya kuikataa.

Kiasi ni kidogo mno: tone la milimita 3 linatosha kioo kizima. Sindano ya gramu 5 itakuchosha kabla haijaisha. Angalia pia pesti imechanganywa na mafuta au na maji. Ya mafuta huyeyushwa kwa tone la mafuta ya mashine na kusafishwa kwa spiriti, ya maji huishia kwenye sabuni tu.

Namna ya kufanya ni ile ile ya seriamu, na tofauti tatu. Kwanza, tepu isiwe na mwanya wowote, kwa sababu almasi haiichagui yakuti peke yake: chuma kilichong'arishwa, dhahabu, rangi nyeusi ya PVD (utando mwembamba unaopakwa kiwandani juu ya chuma), vyote vitapoteza sura kwa mipigo michache. Pili, kila daraja la pesti na kipande chake cha felti, kiandikwe kwa kalamu na kihifadhiwe kwenye mfuko wake. Felti iliyowahi kugusa maikroni 6 haisafishiki; chembe moja iliyobaki itachora duara utakaloliona juani kila siku. Tatu, kati ya maikroni 1 na 0.5 osha kioo, osha mikono, badilisha na tepu.

Kwenye kioo bapa gundisha felti kwenye kizibo ili isambaze nguvu sawasawa. Kwenye kioo kilichobinuka kitu kigumu hupanda kilele tu na kuacha mabega, kwa hiyo tumia ngozi laini juu ya ncha ya kidole. Kioo kilichozama chini ya pete ndicho kigumu kuliko vyote: ukingo wake unafikiwa kwa kijiti cha mbao kilichochongwa na kuvishwa uzi au felti nyembamba. Tenga muda mwingi kwa milimita hiyo moja ya mwisho kuliko kwa sehemu nyingine yote.

Kama kuna lenzi ndogo ya tarehe iliyogundishwa juu ya kioo, izungushie tepu na uishughulikie peke yake kwa kijiti. Kingo zake hunasa felti, na gundi yake haipendi asetoni. Spiriti kidogo kwenye kitambaa inatosha.

Mkono au mashine

Mashine ndogo ya kuzungusha, aina ya Dremel, yenye kichwa cha felti cha milimita 10 hivi, hupunguza kazi ya nusu saa kuwa ya dakika chache. Inaweza pia kupunguza umri wa gasketi, ile pete laini inayoziba maji ukingoni mwa kioo, kwa kasi hiyo hiyo. Yakuti hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko kioo cha kawaida. Joto la msuguano halikai pale unaposugua, linakimbilia ukingoni kwenye gasketi ya plastiki au gundi inayoshikilia kioo. Gasketi ikilainika, kioo kinaweza kusogea, na saa iliyokuwa inazamia mita 100 ikaanza kuvuta unyevu.

Ukiamua kuitumia, weka kasi ya chini kabisa, kati ya mizunguko 3,000 na 5,000 kwa dakika, gusa kwa sekunde 10, inua, gusa kioo kwa kidole. Kikiwa cha vuguvugu, pumzika. Usitumie mashine na seriamu yenye maji mengi, itarusha uji kila mahali, pamoja na ndani ya mfereji wa pete. Kwa anayefanya saa moja tu, mkono unatosha. Mashine ina maana kwa fundi mwenye saa tano mezani.

Kemikali

Kuna krimu za kuchora kioo, zenye amoniamu baifloridi, ambazo huyeyusha silika. Yakuti kwenye joto la kawaida haizijali. Ndipo mtu anapopata wazo: paka, subiri, osha, utando umekwenda. Kwenye karatasi linaonekana safi.

Kivitendo lina mashimo manne. Magnesiamu floridi karibu haiyeyuki kwenye krimu hizo, kwa hiyo utando wa aina hiyo utabaki au utatoka kwa mabaka. Kama kioo si yakuti bali cha kawaida, krimu itakifanya cheupe kama kioo cha bafuni, na hakirudi. Saa za titani huliwa vibaya na floridi. Na krimu yenyewe hutoa asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi bila kuunguza kwa haraka, ikaifuata kalsiamu ya mwili. Maumivu yanaweza kuja saa kadhaa baadaye, na eneo kubwa likiguswa hata moyo unaweza kuvurugika. Dawa yake ya kwanza ni maji mengi na jeli ya kalsiamu glukoneti, kitu ambacho duka la dawa la mtaani halina. Kwa mikwaruzo ya saa haifai hatari hiyo. Asidi yenyewe ya chupa, usiifikirie.

Magadi makali ya sodiamu, ambayo karakana za miwani hutumia kuchuna utando kwenye lenzi za plastiki, nayo si jibu. Pale yanafanya kazi kwa sababu chini ya utando kuna vanishi, na vanishi ndiyo inayoachia. Yakuti haina vanishi.

Vitu vya nyumbani

Dawa ya meno: dhaifu. Brasso: dhaifu, na huacha mabaki meupe mferejini. Pesti za kung'arisha vioo vya plastiki: zimetengenezwa kwa kitu kingine kabisa, kwa utando hazifiki mbali. Hivi vyote hupoteza muda tu.

Msasa ni jambo jingine. Msasa mweusi wa kulowesha una silikoni kabaidi, yenye ugumu wa 9 na nusu, juu ya yakuti. Hata ule wa namba 3000 utaikwaruza yakuti kabisa, na kurudi nyuma kunahitaji kupanda ngazi zote za almasi, 6, 3, 1, nusu, kazi ya masaa. Wapo wanaofundisha njia hii mtandaoni kwa sababu imefanya kazi kwenye kioo cha kawaida. Usiifuate.

Kubadilisha kioo

Hii ndiyo njia pekee inayotibu mkwaruzo unaonaswa na ukucha, na ndiyo njia bora kwa kioo cha kawaida kilichopakwa utando. Seriamu ingeuondoa utando huo bila shida, lakini ingeendelea kula na kioo chenyewe. Ukizidisha sehemu moja utapata wimbi, na mishale itaonekana ikicheza ukiinamisha saa. Kioo cha kawaida ni rahisi kupatikana. Badilisha.

Kwa yakuti, faida ni kwamba unaweza kuagiza kioo chenye utando wa ndani tu, na ukamaliza ugomvi huo moja kwa moja. Ila vipimo havisamehe. Toa kioo cha zamani, kipime kwa kalipa mpaka sehemu ya kumi ya milimita: kipenyo, unene ukingoni, na kama kimebinuka, urefu katikati. Kikizidi kwa sehemu moja ya kumi kinaweza kupasuka kwenye presi, kifaa cha kukibana kioo mahali pake. Kikipungua kwa kiasi hicho kitavuja. Gasketi iwe mpya, na iwe ya umbo lile lile. Presi iwe na vikombe vya nailoni vinavyobana ukingo, visivyogusa kilele. Yakuti ni ngumu lakini haipindi, ikibanwa upande mmoja inameguka.

Kazi hii mpe fundi saa mwenye presi na kifaa cha kupima presha. Swali la kumwuliza ni kama atapima kuvuja kwa maji baada ya kubana, na kwa presha ya ngapi. Akijibu kwamba atatia saa kwenye glasi ya maji aone, tafuta mwingine.

Zikiwekwa bega kwa bega

| Njia | Inaondoa nini | Hatari yake | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Seriamu kwa mkono | Matabaka ya silika na mengine laini | Ndogo. Unga na maji kwenye mifereji | Yakuti, utando wa nje, mwenye subira |
| Almasi maikroni 1 | Utando wowote | Pete na kasha kukwaruzwa. Chembe kubwa kuchafua felti | Seriamu iliposhindwa, au mwenye uzoefu |
| Krimu ya kuchora kioo | Silika tu | Mwili, titani, kioo cha kawaida | Hakuna |
| Kioo kipya | Kila kitu, pamoja na mikwaruzo ya kina | Vipimo kukosewa, maji kuingia | Kioo cha kawaida, yakuti iliyomeguka, utando wa ndani ulioharibika |
| Kuacha | Hakuna | Hakuna | Saa yenye dhamana au ya kukusanywa |

Mstari wa mwisho si wa kujazia. Saa ikiwa bado na dhamana, kuisugua mwenyewe kunaweza kuifuta. Saa ya kukusanywa yenye kioo cha asili, mnunuzi atakayekuja anaweza kupendelea mikwaruzo halisi kuliko kioo kilichoguswa. Na ukiiuza iliyoondolewa utando, mwambie mnunuzi; ataiona mwenyewe kwa taa moja tu.

Utando wa ndani

Wapo wanaoona kioo kimebaki na rangi ya bluu baada ya kazi, wakadhani utando wa nje haujaisha, wakaendelea kusugua kwa saa nzima. Rudia jaribio la kidole. Kama rangi haibadiliki chini ya alama, bluu hiyo inatoka upande wa pili wa kioo, na kazi yako imekwisha.

Iache bluu hiyo. Kioo chenye utando wa ndani pekee hurudisha chini ya asilimia 9 ya mwanga; bila utando wowote ni asilimia 14. Tofauti hiyo utaiona kila ukiangalia saa nje mchana. Utando wa ndani huharibika kwa nadra, pengine maji yakiingia au fundi akitumia kiyeyusho kikali wakati wa usafi, na ukishapata ukungu kuuchuna kunahitaji kutoa kioo. Ukishatoa kioo, weka kipya.

Usafi wa mwisho

Kabla ya kutoa tepu, futa dawa yote kwa kitambaa chenye unyevu, kwa mwelekeo mmoja, si kwa duara. Tepu itolewe kutoka nje kwenda ndani, ili uchafu usisukumwe mferejini. Saa inayozuia maji ioshwe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, na brashi laini ya mswaki ipite kwenye mfereji. Isiyozuia maji isafishwe kwa vijiti vya pamba vilivyolowanishwa spiriti na kukamuliwa. Mabaki ya seriamu yakikauka huwa meupe na magumu. Yalowanishe kwanza kwa dakika chache kabla ya kuyatoa kwa kijiti cha mianzi, kamwe si kwa sindano au wembe.